Kutafuta Nyumba Ng'ambo ya Maji

Mfanyakazi wa Dar es Salaam akitaja anakoishi, mwenzake hamuulizi ni umbali wa kilomita ngapi. Humuuliza huondoka nyumbani saa ngapi. Akijibiwa "saa kumi na moja", hujua kwamba huyu anakaa Bunju, Chanika, Mbagala au ng'ambo ya maji kule Kigamboni, naye humtazama kwa huruma, hata kama yeye mwenyewe huondoka saa kumi na nusu. Katika mji huu saa ndizo kodi ya kwanza ya nyumba, na kodi hiyo hulipwa kila siku, haingojei mwisho wa mwezi.

Mimi na mama watoto tulipanga vyumba viwili Ilala kwa miaka tisa. Watoto watatu walizaliwa humo, na tulikuwa tumekwisha kuyazoea maisha ya kupika kwa zamu uani na kusikilizana usingizi ukutani. Lakini mama yangu mzazi alipofiwa na kuja kukaa nasi, watoto wakahamishiwa sebuleni, na viti vya sebuleni vikahamishiwa barazani. Suala la kuwa na pa kwetu wenyewe, ambalo hapo nyuma lilikuwa mazungumzo ya Jumapili baada ya chakula, likawa jambo la kila usiku.

Wakubwa wetu kazini hutusimulia jinsi wao walivyopata viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni katika miradi ya miaka ya 1970, wakakopa katika Benki ya Nyumba na kumalizia nyumba zao wakingali vijana. Benki ile ilifungwa mwaka 1995. Mfanyakazi wa kawaida wa leo hujenga kwa subira: mshahara wa mwezi huu matofali, wa mwezi ujao mifuko ya saruji, na bonasi, ikipatikana, huwa bati. Ndiyo maana pembezoni mwa mji kumejaa maboma yasiyo na paa, nondo zikichungulia mbinguni, na mwenye mali akija Jumamosi tu kung'oa majani yaliyoota chumbani.

Kwa nini Kigamboni? Mimi kazi yangu iko karibu na Posta. Ukisimama pale soko la samaki la Feri, Kigamboni huonekana wazi kama uonavyo nyumba ya jirani ng'ambo ya barabara. Bei ya kiwanja upande ule, ukilinganisha na upande wa kaskazini wa mji, ilikuwa bado inatamkika. Ni kweli kwamba mahali pale palipata misukosuko. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa kujenga Mji Mpya, na kwa miaka kadhaa wenyeji wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, hata kuongeza chumba. Baadaye mpango ule uliwekwa kando. Mwezi Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, likiunganisha Kurasini na Kigamboni, na tangu siku hiyo madalali wakaongezeka kuliko minazi.

Daraja ni zuri, lakini mwenye kufaidi zaidi ni mwenye gari. Tozo zake zilipunguzwa mwaka 2022, na mtembea kwa miguu hupita bure. Ila sijui ni mfanyakazi gani atakayetembea kutoka Kibada hadi Posta na kufika akiwa na nguvu ya kufanya kazi. Sisi tusio na gari tumebaki na daladala au pantoni. Na pantoni, ndugu msomaji, ni shule. Saa kumi na mbili asubuhi hukusanyika hapo makarani waliopiga pasi mashati yao kwa uangalifu, mafundi wenye mifuko ya misumeno, wachuuzi wanaowahi mnada wa samaki kwa ndoo tupu, na watoto wa shule wenye kulala wakiwa wamesimama. Lango likifunguliwa, hakuna aliye bwana wala bibi. Nauli ya mtembea kwa miguu ilipopandishwa mwaka 2012 kutoka shilingi 100 hadi 200, kelele zilikuwa kubwa; lakini kwa maoni yangu si shilingi zinazomuumiza msafiri wa pale. Safari yenyewe majini ni dakika chache. Kungoja ndiko kunakoila siku, hasa kivuko kimojawapo kinapokuwa matengenezoni.

Sikutaka kuyajua hayo kwa kuambiwa. Kabla ya kutoa hata senti moja, nilimwomba rafiki yangu aliyepanga Tungi anihifadhi kwa wiki mbili, nikawa nakwenda kazini kutoka kwake na kuandika saa katika daftari. Siku njema, kutoka mlangoni kwake hadi mezani kwangu ilikuwa saa moja na robo. Siku mbaya ilikuwa saa mbili na nusu. Kutoka Ilala nilikuwa natembea kwa miguu dakika arobaini. Nilipomsomea mama watoto hesabu hiyo, hakuuliza habari za nauli. Aliuliza, "Sasa Baba, hizo saa tutazitoa wapi?" Wote wawili tulijua zitakakotoka. Zitatoka kwa watoto, kwani mtoto wetu mdogo hulala saa mbili usiku.

Hata hivyo tulikwenda kuangalia. Dalali wa kwanza alitupeleka mbali, upande wa Gezaulole, kijiji ambacho katika miaka ya 1970 kilikuwa kijiji cha ujamaa, na jina lake kwa Kizaramo ni kama kusema "jaribu uone". Kiwanja kilikuwa kikubwa, chenye minazi sita na mkorosho, na bahari ikionekana yote. Nakiri kwamba nilikitamani. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, na mtu aliyelala miaka tisa katika chumba chenye dirisha moja hukosa la kusema anapokutana na upepo kama ule. Dalali akaanza kupima kwa hatua kutoka ukingo wa maji, akisema sheria inataka mita 60 na sisi tumezivuka.

Sheria hiyo ipo kweli, ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ila mama yangu, ambaye kakulia pwani ya Kilwa, alikuwa amesimama akimtazama dalali kwa makini. Akamwuliza, "Mwanangu, unapima maji yakiwa yamekupwa? Bamvua likija hizi hatua zako utazihesabu upya." Katika pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, ufukwe wa saa nne asubuhi si ufukwe wa saa kumi jioni. Dalali alicheka, lakini aliacha kupima.

Kisha mama akaomba maji ya kunywa. Jirani akamletea ya kisima katika kata. Alionja kidogo, akasukutua, akayatema kando kwa adabu. Alipokuwa mbali na yule jirani ndipo akatuambia, "Maharage hayataiva kwa maji haya. Na hizo bati zenu mtazibadili kila mara." Mama hajasoma sayansi, lakini kila fundi wa pwani atakuambia vivyo hivyo: maji ya chumvi yakichanganywa na zege huzila nondo ndani kwa ndani, na upepo wa bahari huzila bati kwa nje. Nyumba ya ufukweni huzeeka upesi kuliko mwenyewe.

Jambo hilo ndilo lililonigeuza fikra. Mpaka siku ile tulikuwa tukijadili nyumba kwa hesabu za mtu anayetoka: nitapita wapi, nitafika saa ngapi, nitarudi kwa chombo gani. Mimi nyumba hiyo nitaiona gizani asubuhi na gizani jioni. Atakayeshinda ndani yake, atakayechota maji yake, atakayeugua mchana humo na kumwita jirani, ni mama. Naye tulikuwa tumemchukua matembezini tu, ili apunge upepo! Basi tukamwachia yeye maswali.

Maswali yake hayakufanana na yetu. Alitaka kujua maji ya bomba yanatoka siku zipi. Alitaka kujua zahanati iko umbali gani kwa mtu anayetembea kwa fimbo, shule ya watoto iko upande gani wa barabara kubwa, na kama majirani wanaishi hapo au wamejenga kuta wakaondoka. Tulipofika Kibada, katika eneo lililopimwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, tulionyeshwa boma lililofikia linta. Kiwanja kilikuwa kidogo. Bahari haikuonekana, hata ukipanda juu ya tofali. Mama hakulitazama boma. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya pili, akabisha hodi, akakaa huko muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai. Aliporudi alikuwa anajua habari za mtaa mzima, hata nani anauza mkaa. Maji ya bomba, akasema, yamekuwa afadhali tangu visima virefu vya Kisarawe II vizinduliwe mwaka 2022.

Mimi nilishughulikia karatasi. Sitaeleza yote hapa, maana mambo ya hati yanahitaji ukurasa wake. Neno moja tu: ardhi yetu yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na tunachonunua sisi ni haki ya kuitumia kwa muda, kama vile miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo karatasi iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba mmeuziana, si hati. Muuzaji asiyetaka twende pamoja ofisi ya ardhi nilimshukuru kwa heshima na kumuaga. Wa Kibada alikubali.

Tulihamia kabla ya kupiga lipu. Watoto walilala usiku wa kwanza wakilalamika kwamba kuna kimya kingi mno. Mama amepanda mchicha na mpapai, na maharage yanaiva.

Lakini siwezi kusema kwamba sote tumefaidi sawasawa. Mama watoto ni muuguzi katika hospitali moja ya mjini. Zamu ya usiku humtaka aondoke nyumbani saa kumi na mbili jioni, wakati watoto ndio wanarudi kutoka kucheza, na hurudi saa nne asubuhi wamekwisha kwenda shule. Kuna wiki ambazo huonana nao kwa simu, akiwa juu ya pantoni, upepo ukimkatakata maneno. Ameandika barua kuomba ahamishiwe kituo cha afya cha upande huu, hata kama posho itapungua. Barua hiyo ina miezi minne sasa. Kila Ijumaa hupita kwa karani kuulizia, na karani humjibu kwa upole kwamba bado iko mezani kwa mkubwa.