Reale za Marehemu Mama

Marehemu mama ametuachia reale 30 za fedha, zenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Baba alimtangulia, warithi ni sisi watatu, wanaume wawili na dada yetu. Kwa idadi ni 12, 12 na 6. Ila reale hazilingani thamani, na kugawa kabla ya kuzitambua kungeweza kumdhulumu mmoja wetu.

Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia. Vienna iliendelea kuzipiga kwa mwaka uleule, kwani wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu waliizoea sura hiyo. Roma ilianza kuzipiga 1935, London 1936, kisha Bombay. Mihuri ya chuma ya kupigia ilichongwa na mikono mbalimbali, na humo ndimo zilimo tofauti.

Tulianza na mizani: gramu 28 na chembe. Kisha ukingo, wenye herufi za Kilatini zilizoinuka. Ya bandia iliyomiminwa mara nyingi huonyesha mshono. Ndipo tukashika kioo cha kukuzia, tukahesabu lulu za bizimu begani na manyoya ya mkia wa tai. Kuzisugua kwa majivu na ndimu tumekataza: alama hufutika.

Fedha safi ni gramu 23.4 kwa kila reale, jumla kama 700, nayo nisabu ni 595. Kwa hiyo tumemwendea sheikh kwanza kuhusu zaka za miaka iliyopita, maana deni hutangulia mirathi. Dada anaendelea kuhesabu manyoya, zimebaki nne.