Spika Mbili za Mjomba

Spika zile zilikuwa nzima. Nalisema hilo kwanza, nisije nikalizamisha kati ya maelezo ya rezista na kapasita.

Mjomba si ndugu wa mama yangu, ila hapa Bodo mtu wa umri wake humwiti kwa jina. Amepiga gitaa kwenye mahoteli ya Diani tangu mimi sijazaliwa. Akiingiza "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, kibao ambacho bendi ya hoteli isiyokijua haipati kazi Pwani, unamtambua hata ukiwa jikoni: nyuzi za juu zinalia kama sarafu iliyoanguka kwenye sakafu ya saruji. Siku hiyo alifika kwa tuktuk, Fender Twin Reverb yake imejaa kiti chote cha nyuma. Ni amplifaya ya gitaa, dude la karibu kilo 30, la valvu, zile taa za kioo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwanangu, hii haina meno tena. Besi inanguruma, juu kumezibika. Na nikigusa trebo, inakwaruza."

Inakwaruza. Neno hilo alinipa bure, nami nikalipita.

Nililipita kwa sababu miezi hiyo nilikuwa nimelewa programu moja ya kompyuta, ndogo na ya bure, ya Duncan Munro. Unachagua sakiti, unaandika thamani za rezista na kapasita, halafu unasogeza trebo, midi na besi kwa mausi. Mstari kwenye skrini unapanda na kushuka kukuonyesha sauti ipi itapita na ipi itabanwa. Kwa fundi aliyejifunza kwa kuunguza vidole, ilikuwa kama kupewa macho ya kuona ndani ya chuma. Humo ndimo nilimojua kwamba kwenye Fender, ukiweka nobu zote nusu, mstari haunyooki ng'o. Una bonde katikati, na bonde hilo ndilo sauti yenyewe ya Fender ambayo watu wanaisifu bila kujua wanasifu upungufu.

Mimi nikaamua bonde ndilo ugonjwa. Nikafungua ukurasa wa Marshall. Jim Marshall na wenzake kule London, mwaka 1962, walianza kutengeneza amplifaya zao kwa kuiga Bassman ya Fender, kisha kadiri miaka ilivyokwenda thamani zikabadilika: rezista ya omu 56,000 ikawa 33,000, kapasita ya trebo ikapanda kutoka pikofaradi 250 hadi 500. Nikaziandika thamani hizo. Bonde likapungua, mstari ukakaa vizuri kama tanga lililoshika upepo. Sikungoja. Nikamwaga chaji ya kapasita kubwa (mle ndani mna zaidi ya volti 400, na hazilali kwa sababu tu umechomoa waya), nikatoa rezista ya Twin ya omu 100,000, nikalehemu ya 33,000. Nikabadilisha na kapasita. Zile za asili nikazitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga.

Nilichokipuuza ni hiki: kwenye Bassman na kwenye Marshall hizo, kabla ya sauti kufika kwenye trebo na besi kuna nusu ya valvu ambayo haiongezi sauti. Kazi yake ni kuipa kifua cha kubeba mzigo ulio mbele. Upinzani wa chanzo hicho ukurasa wa Marshall huuhesabu kuwa kama omu 1,300. Twin haina kitu hicho. Sauti hutoka moja kwa moja kwenye anodi ya 12AX7, na hapo upinzani ni kama omu 38,000. Nilikuwa nimemtwisha mtoto wa madrasa gunia la nazi la kuli. Na kwenye skrini kuna kijisanduku kinachouliza hasa jambo hilo: chanzo chako ni omu ngapi? Nilikiona. Sikukigusa, kwa kuwa mstari ulikuwa umeshanipendeza.

Kisha sikuijaribu kwa gitaa. Mjomba alikuwa na shoo jioni ile ile.

Alirudi kesho yake asubuhi, hana hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Imekuwa nyonge, mwanangu. Nimeifungua mpaka saba ndipo nikajisikia." Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema nimekosea. Badala yake nikageuza kompyuta nikamwonyesha mstari. Mzee aliyesikiliza gitaa maisha yake yote akaukodolea macho mchoro asioujua, nami nikamwambia kwa sauti ya daktari: "Huku hakuna kasoro kabisa. Zilizochoka ni spika."

Akaenda Mombasa, akavuka kwa feri ya Likoni na spika mbili za inchi 12, za mtumba. Sh14,000. Nikazifunga, nikachukua na ufundi wangu. Sauti ilibaki vile vile. Akasema labda ni masikio yake, uzee.

Miaka miwili baadaye aliileta tena kwa mikwaruzo. Safari hii, kwa kukosa umeme wa kuwasha kompyuta, nilianza na bisibisi. Potenshomita ya trebo ilikuwa imeliwa: kutu ya kijani kwenye vikucha vya shaba, njia ya kaboni imekatika upande mmoja. Hewa ya chumvi hapa hula hata bawaba za milango. Nikaweka mpya. Nikaufungua ule mkebe wa maziwa, nikarudisha kila kitu mahali pake. Umeme uliporudi nikapiga uzi mmoja, sarafu ikaanguka kwenye saruji.

Nilimweleza yote ufukweni, penye mashua zinazopeleka wageni Funzi. Nilimweleza hadi kijisanduku. Alisikiliza huku akichambua uzi wa nyavu ambao haukuwa wake. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu:

"Na zile spika zangu za kwanza, umeziweka wapi?"

Nilikuwa nimeziuza Msambweni, kwa jamaa wa muziki wa harusi, kwa Sh3,000.