Chuma cha Marehemu Baba

Huenda nawe unalo nyumbani kwako, au kwa wazazi wako, gari bovu lililosimama uani miaka mingi, ambalo kila mgeni akilitazama huuliza: "Hivi hili mnalingojea nini?" Kwetu Lizaboni, hapa mjini Songea, lilikuwapo gari la namna hiyo. Ni Land Rover 109 ya dizeli, toleo la tatu, ambalo marehemu baba alilinunua mnadani mwaka 1988 baada ya idara moja ya serikali kulichoka. Lilimtumikia hadi mwaka 1997, likazimika, likasukumwa chini ya mwembe. Kuku wakapata mahali pa kutagia. Baba alifariki dunia mwaka 2006 akiwa bado anashikilia kwamba gari lile halijafa, limelala tu.

Miaka ile biashara ya chuma chakavu ilikuwa imepamba moto, na wanunuzi walipita mitaani na mizani zao. Kaka yangu mkubwa, ambaye anaishi Dar es Salaam, aliandika kwamba liuzwe, fedha tugawane sisi watatu, mambo yaishe. Sikuona ubaya wa shauri lake. Mwenye kulea watoto Dar es Salaam hana nafasi ya kutunza kumbukumbu. Lakini dada yetu, mjane anayelima Muhukuru, alikuja mwenyewe hadi Songea, akaketi mbele ya baba mdogo, akasema: "Wanangu, mkiuza mtanipa fedha ya mwezi mmoja. Mahindi yangu yatabaki kule kule."

Asiyeijua njia ya Muhukuru hataelewa uzito wa maneno hayo. Njia hiyo huenda kusini, kuelekea Mkenda kwenye mpaka wa Msumbiji, na masika yakishika, udongo wake mwekundu hulainika kama sabuni iliyolowa. Madereva wa malori husubiri ardhi ikauke, au huja kwa bei wanayoitaka wao. Mkulima huuza debe kwa bei ya kutupa kwa sababu hana njia nyingine ya kulitoa.

Baada ya maneno mengi tuliafikiana hivi, na baba mdogo akaandika kwa mkono wake: mimi nimlipe kaka sehemu yake kwa awamu, dada asilipwe fedha, bali mahindi yake yachukuliwe bure kila msimu madhali gari linatembea. Mama watoto naye akaweka sharti lake, kwamba isiguswe hata senti moja ya ada za watoto. Akanunua daftari, akawa ndiye mweka hazina. Kila nati iliyonunuliwa imo katika daftari lile.

Labda utauliza kwa nini tuhangaike na mtambo mkongwe wa dizeli. Gari la petroli huhitaji cheche ya umeme ili mafuta yawake, na cheche ni adui wa maji. Mtambo wa dizeli hauna cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ikawa sehemu moja tu ya 23 ya ujazo wake wa kwanza. Kwa kubanwa hivyo hupata joto kali, na dizeli ikinyunyiziwa humo huwaka yenyewe. Ndiyo kusema, mtambo ukishawaka, mvua na tope haviuzimi kwa urahisi. Umeme unahitajika asubuhi tu, kupasha moto zile plagi za hita na kuzungusha stata. Mtambo wa gari letu una ujazo wa sentimeta za ujazo 2,286 na nguvu za farasi zipatazo 62. Ni kidogo, nakiri, na mlimani hata pikipiki hutupita. Lakini lina gia ndogo, ile ya kifundo chekundu, ambayo ukiishindilia gari hupanda polepole kama kobe na halirudi nyuma.

Fundi tuliyempata alikuwa mzee aliyejifunza kazi katika karakana za misheni ya Peramiho. Siku ya kwanza hakufungua hata boneti. Alilala chali chini ya gari na nyundo ndogo, akawa anagonga chesisi hatua kwa hatua, akisikiliza. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa kuwa gari hilo lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Kwa hiyo bodi haishiki kutu, nawe waweza kudanganyika kwa uzima wake wa nje. Chesisi ni chuma. Palipolia kwa mlio wa kengele alipita; palipotoa mlio wa debe bovu alitia alama ya chaki. Boriti ya nyuma ilikuwa imeliwa kabisa, na mikono mitatu inayoshika bodi vilevile. Zikakatwa zote, zikachomelewa mpya. Kazi hiyo peke yake ilichukua miezi miwili, kwani umeme wa mji wakati huo ulikuwa wa kubahatisha.

Mtambo ulipofunguliwa, silinda zilikuwa zimelika na krankishafti ina mikwaruzo. Tulivipeleka Mbeya kwa basi, vikachongwa na kutiwa silivu. Beringi za kwanza tuliuziwa bandia, na duka moja ambalo sitalitaja, na mzee alizitambua kwa kuzikwaruza na ukucha tu. Mama watoto aliandika hasara hiyo kwa wino mwekundu. Aliuza nguruwe wawili, tukanunua nyingine.

Kitabu cha mtengenezaji kilikuwa cha Kiingereza, na mzee hakukisoma. Binti yangu, wakati huo kidato cha pili, ndiye aliyekuwa msomaji wetu. Jioni baada ya shule huketi juu ya tairi akitamka vipimo, mzee akikaza nati kwa mpangilio uliotajwa. Kwa njia hiyo akajifunza kutoa upepo katika njia ya mafuta, kazi ambayo kila mwenye dizeli lazima aijue, maana hewa ikiingia humo pampu haisukumi kitu. Hulegeza nati, hupampu kwa mkono, mapovu yakiisha hukaza. Kuna majirani walionisema kwamba namharibu mtoto wa kike kwa grisi. Sikuwajibu.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya marekebisho. Mpwa wangu, kijana wa mjini, alitaka gari linyanyuliwe juu sana, livalishwe matairi mapana, tena litiwe mtambo wa Kijapani. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kama analitaka gari la kubeba mahindi au la kupigia picha. Ukilinyanyua kupita kiasi, shafti hukaa mshazari na viungo vyake hulika upesi, tena uzito hupanda juu na gari hupinduka kwenye mteremko. Kuhusu matairi, tope letu aghalabu lina ardhi ngumu chini yake. Tairi jembamba hulikata likafika chini, ilhali tairi pana huelea juu likateleza. Tukabaki na yale ya saizi 7.50 kwa 16. Tuliongeza bamba moja tu katika kila springi ya nyuma.

Tulichobadilisha hasa kilihusu maji. Dizeli haiogopi kulowa, bali inaogopa kunywa. Maji yakivutwa ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, na konrodi hupinda papo hapo. Kwa hiyo bomba la kuvuta hewa lilipandishwa kandokando ya kioo hadi usawa wa paa. Difu nazo zina vitundu vya kupumulia. Difu yenye moto ikiingia ghafla katika mto wa baridi huvuta maji kwa vitundu hivyo, mafuta yakawa kama uji. Tukaviunganisha na mipira myembamba iliyopanda juu. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu ambalo kabla ya kuvuka huzibwa kwa kizibo chake, na likizibwa lisisahauliwe kuzibuliwa. Mbele tukachomelea ndoano mbili za mnyororo. Gharama zote zilifika shilingi milioni nne na ushei.

Mwezi Machi mwaka 2010 tulikwenda Muhukuru kwa mara ya kwanza, mimi, mpwa na binti. Kulikuwa na lori limezama hadi ekseli, na watu wanapika ugali kando yake. Tulishuka, tukaipima njia kwa fimbo, tukapunguza upepo wa matairi, tukakandamiza kifundo cha manjano na kuvuta kile chekundu. Tulitumia saa tisa kwa safari ambayo kiangazi ni ya asubuhi moja. Dada alitupokea kwa kigelegele, kisha akatupimia magunia manane. Mzee alikuwa ameonya kwamba tisa ni mwisho, na nilipendelea kubakiza moja.

Tangu hapo mambo ya barabara yamegeuka sana katika mkoa wetu. Lami imefika Tunduru, na imefika Mbamba Bay pia, safari ambazo zamani mtu aliaga nyumbani kama anayekwenda vitani. Land Rover sasa ni ya njia za mashambani tu. Mzee fundi hatunaye tena. Binti ana kazi yake Njombe, na likizo akija hulala chini ya gari kabla hajaonja chai.

Mwaka jana kaka alipiga simu. Amesikia kwamba wapo watu wanaolipa fedha nyingi kwa Land Rover za zamani, akauliza kama tuko tayari kulizungumza upya. Alikwisha lipwa sehemu yake yote, na daftari lipo. Hata hivyo ni mkubwa wetu, nami nilimwambia aje likizo, aketi na dada na baba mdogo, waamue mbele ya ile karatasi. Hajaja bado. Magunia ya dada msimu huu ni kumi na moja, kwa hiyo itabidi twende mara mbili.