SIKU YA KUPUMZIKA RUAHA MBUYUNI

Ni desturi ya kurasa hizi kupokea maandalio ya masomo, maelezo ya zana za kufundishia na mafanikio ya madarasa ya majaribio. Safari hii tunaomba radhi kwa kuleta habari ya siku moja ambayo hapakufundishwa kitu, au ndivyo tulivyodhani asubuhi yake. Ilikuwa siku ya kupumzika katika safari ya baiskeli, nasi wakufunzi wawili tulikwisha azimia kuifuta.

Safari yenyewe tuliianza Juni 2023, sisi wawili na wanachuo sita, kutoka Morogoro kwenda Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 640. Baiskeli zetu zilikuwa zile nzito zisizo na gia, ambazo msomaji huziona kila siku zikibeba magunia ya mkaa. Tuliandaa ratiba kwa namna ile ile tuandaavyo azimio la kazi: kila siku na kilomita zake, na safu ya maoni pembeni. Siku moja tu tuliiacha wazi, nayo ni ya Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima Kitonga. Hatukuiacha kwa huruma. Tulijua kwamba misuli hutumia akiba yake ya sukari katika kazi ndefu, na kwamba akiba hiyo huhitaji kama siku nzima ya chakula cha wanga na utulivu ili irudi. Tulijua pia kwamba mashindano ya Tour de France yalipoanza mwaka 1903 yalikuwa na hatua sita tu, waendeshaji wakipata mapumziko baina ya hatua. Na kwamba hata leo, katika majuma matatu ya mashindano hayo, hutengwa siku mbili za kupumzika. Haya yote tuliwaeleza wanachuo ubaoni kabla ya kuondoka. Kujua jambo na kuliheshimu, hata hivyo, ni mambo mawili.

Nusu siku ilitupotea pale Doma. Hatukuthubutu kuwapitisha vijana kwa baiskeli katikati ya hifadhi ya Mikumi, mahali ambapo tembo na nyati huvuka barabara kuu wapendavyo, basi tukangoja lori la kutuvusha. Lori lilichelewa. Tangu hapo hesabu ya nusu siku ile ikatukaa kichwani kama deni. Tulilipita bonde la mibuyu kando ya mto Ruaha bila kusimama, nasi tukajuta baadaye, maana mandhari yale hayana mfano. Tulipofika Ruaha Mbuyuni jioni, barabara imepangwa vitunguu pande zote mbili, tulitangaza kwamba kesho hakuna kupumzika. Tutaupanda Kitonga alfajiri. Hakuna aliyepinga. Wanachuo wetu hawana mazoea ya kumpinga mkufunzi, jambo ambalo kwa miaka mingi tumelihesabu kuwa nidhamu.

Alfajiri mwanachuo mmoja wa kike hakuweza kukunja mguu. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kiasi cha kuonekana kwa mwanga wa tochi. Tukamwuliza limeanza lini. Akajibu, tangu tulipotoka Mikumi. Mbona hukusema? Akatazama chini, kisha akasema, "Katika ratiba hapakuwa na nafasi ya kuumwa, Mwalimu."

Tulipoikagua baiskeli yake tuliona kosa mara moja. Kiti kilikuwa chini mno. Baiskeli ilikuwa ya mtu mfupi kuliko yeye, nasi hatukumpima hata mara moja. Mwendeshaji anapokanyaga, mguu unapofika chini kabisa yafaa ukaribie kunyooka. Ukibaki umekunjwa, goti ndilo linalobeba mzigo, mzunguko baada ya mzunguko, maelfu kwa siku. Kuinua kiti ni kazi ya spana moja na dakika mbili. Dakika hizo hatukuwa nazo Morogoro, kwa kuwa tulikuwa tukihimiza watu waondoke kwa wakati.

Basi tukapumzika kwa lazima. Wengine walifua, wengine wakalala. Mama mmoja muuza vitunguu alitupatia beseni na kivuli cha mbuyu wake, nasi tukaanza kuziba tyubu zilizotoboka. Yule mwanachuo, akiwa ameunyoosha mguu juu ya gunia, aliomba apewe kazi ya mikono. Watoto wa jirani walikwisha mzunguka. Alijaza tyubu upepo, akaizamisha katika beseni, wakatafuta mapovu pamoja. Kisha, kabla ya kushika msasa na gundi, akawaambia waisukume wenyewe mpaka chini ya maji. Wakasukuma, wakacheka, ikawashinda. Akauliza, "Kwa nini inawarudisha juu?"

Kimya. Tulikuwa tumekaa hatua chache tu, nasi tulihisi hamu kubwa ya kujibu. Yeye hakuongeza neno. Alichukua kipande cha msasa akakwangua mpira polepole, kana kwamba amelisahau swali lenyewe. Muda ukapita. Kijana mdogo kuliko wote, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akaweka kidole ndani ya maji, akasema: "Maji yanataka kurudi mahali pake."

Archimedes asingekasirika kusikia hivyo.

Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba swali lile tumelisikia kabla. Miezi mitatu nyuma, katika mazoezi ya kufundisha, sisi wawili tulikaa nyuma ya darasa la tano tukimkagua mwanachuo huyu huyu. Aliuliza kwa nini chuma huzama na meli ya chuma huelea, kisha akanyamaza. Tulihesabu kwa saa ya mkononi: sekunde 40 zilipita. Tukainama, tukaandika katika fomu, "Muda unapotea, mwalimu ajiandae zaidi," na alama tukaipunguza. Tulipoinua vichwa alikuwa akijibu swali lake mwenyewe.

Tulimtajia habari ile pale chini ya mbuyu, kwa nia ya kuomba radhi kidogo. Alitusikiliza, kisha akasema kwa upole, "Mlipoinama kuandika, walimu wangu, msichana wa dawati la mwisho alinyanyua mkono. Nami nilikuwa nikitazama kalamu zenu. Nikaogopa, nikajibu mimi." Akaongeza kwamba tangu siku ile amekuwa akifikiri kuiacha kazi hii.

Hatukuwa na la kusema. Aibu yetu ilizidi kwa kuwa jambo lenyewe tunalifundisha. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha kwamba aghalabu mwalimu akishauliza swali hungoja kama sekunde moja tu, na kwamba akingoja sekunde tatu au zaidi majibu ya watoto huwa marefu, na watoto wengi zaidi hujibu. Maelezo hayo tumeyaandikisha wanachuo kwa miaka mingi, tukiyasoma kwa haraka ili tumalize muhtasari.

Kesho yake tuliupanda Kitonga, au tuseme tulizisukuma baiskeli, malori yakitupita kwa kunguruma. Yeye alipanda basi mpaka Iringa, akatuazima pampu yake kwa kuwa yetu ilikufa. Alitungoja huko, goti likapona kiasi, na kutoka Mafinga akaendesha tena, kiti kikiwa juu.

Siku hizi tukikagua darasa, kalamu hukaa mfukoni mpaka kipindi kiishe. Ni vigumu kuliko tulivyotazamia. Mkono huiendea wenyewe. Tuliporudi chuoni tuliandika barua kuomba alama ile ifikiriwe upya. Jibu lilikuja baada ya majuma sita: alama zilizokwisha wasilishwa hazibadilishwi. Tulimfuata kumpa habari hiyo kwa mdomo, hatukupenda aisome ubao wa matangazo. Alikuwa akipanga vitabu vyake tayari kwa likizo. Akasema, "Haya, walimu wangu," kisha akauliza kama pampu yake bado tunayo.