Mtoto akisoma ‘take’ kwenye dawa, nyumbani mnaelewa nini?

Katika nyumba nyingi za Chalinze, karatasi ya dawa haisomwi na baba wala mama. Anaitwa mtoto aliyeingia kidato cha kwanza. Yeye ndiye “anayejua Kiingereza”, kwa hiyo anakabidhiwa boksi na familia nzima inasubiri aseme kilichoandikwa.

Ni kazi kubwa kwa mtoto huyo. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kati ya mengi. Alipofika sekondari, karibu kila somo likageuka Kiingereza. Neno ‘take’ analijua vizuri, kwa sababu mwalimu alimfundisha kuwa ni ‘chukua’. Chukua kitabu, chukua chaki. Ni sahihi kabisa. Shida huanza neno hilohilo linapotoka darasani na kuingia kwenye dawa.

Bibi mmoja wa huko, anayeuzia abiria wa mabasi mananasi ya Kiwangwa, analea wajukuu wawili. Mdogo, mwanafunzi wa darasa la pili, alipata homa akapewa vidonge vya siku tano. Juu ya bahasha palikuwa na maandishi ya kalamu, “2 x 3”. Karatasi ya ndani ilikuwa ya Kiingereza. Bibi akamwita mjukuu mkubwa.

“Bibi, wameandika uchukue na chakula.”

“Nichukue nini, mjukuu wangu?”

“Dawa. Uichukue pamoja na chakula.”

Bibi akasaga vidonge, akavichanganya kwenye bakuli la uji. Mgonjwa akanywa vijiko vinne, akalisukuma bakuli pembeni. Mchana ikawa hivyohivyo. Hakuna aliyejua ni dawa kiasi gani imeingia tumboni na kiasi gani wamemwagiwa kuku.

Kwenye hesabu napo walikwama. “Shuleni mbili mara tatu ni sita, bibi,” alisema mkubwa.

“Vidonge sita kwa mkupuo? Huyu ni mtoto au ng’ombe?” bibi akajibu. Akaifunga bahasha kwenye pindo la kanga, akarudi kwa muuza dawa kuuliza.

Alichoelezwa kilikuwa chepesi. Mtoto ale kwanza, kisha ameze vidonge viwili kwa maji. Afanye hivyo kutwa mara tatu, yaani kila baada ya masaa 8. Maneno ‘take with food’ yalimaanisha kumeza wakati wa kula au mara tu baada ya kula. Hayakumaanisha kupika dawa na chakula.

Mjukuu hakuwa mzembe. ‘Take’ ni neno lenye kazi nyingi. Ukiambatanisha na basi, ni kupanda. Kwa picha, ni kupiga. Kwa mtihani, ni kufanya. Kwa joto la mwili, ni kupima. Ukiongeza ‘off’ linakuwa kuvua nguo, au ndege kuruka. Ukiongeza ‘after’, mtoto amefanana na mzazi wake. Na kwa dawa, ni kunywa au kumeza.

Waingereza wenyewe walilikopa neno hili kwa watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia nchini mwao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Na si neno hili peke yake lenye tabia hiyo. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, ililipa neno ‘set’ maana 430. Mtoto anayedhani kila neno lina maana moja hatafika mbali.

Habari njema ni kwamba mtoto wa Kitanzania anaijua tabia hii ya maneno tangu akiwa mgongoni kwa mama. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga deki, tunapiga magoti. Hakuna anayepata kipigo hapo. Mgeni aliyefundishwa kwamba ‘piga’ ni kuchapa tu atashangaa simu imekosa nini. Mzazi ambaye hakusoma Kiingereza anaweza kumsaidia mwanawe kwa mfano huo: usiangalie neno peke yake, angalia limekaa na nani.

Kwenye dawa, somo hili lina uzito wa pekee. Zipo chupa za dawa za kupaka au kuoshea vidonda zilizoandikwa ‘Not to be taken’. Mtoto wa ‘chukua’ atasema, “Wanasema isichukuliwe,” na familia itadhani wanakatazwa kuihamisha. Maana yake ni kwamba dawa hiyo isinywewe. Hapo kosa la tafsiri linaweza kumpeleka mtu hospitali.

Kwa hiyo mfundishe mtoto maneno ya dawa kama familia. ‘Take’ ni kunywa au kumeza. ‘Swallow’ ni kumeza. ‘Chew’ ni kutafuna. ‘Dissolve’ ni kuyeyusha. ‘Shake’ ni kutikisa. ‘Apply’ ni kupaka. Yaandikeni kwenye karatasi, mbandike ukutani.

Kumbuka pia kwamba dawa hazifanani. Dawa mseto ya malaria hufyonzwa vizuri zaidi mwilini ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Kidonge cha zinki cha mtoto mchanga anayeharisha huyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, na mtoto amalize chote. Hata pale dawa inapochanganywa na kitu, basi iwe kidogo kinachoisha mara moja, si bakuli zima.

Muhimu zaidi, usiondoke dirishani kabla hujaelewa. Mwambie aliyekupa dawa, “Ngoja nirudie nilivyosikia,” kisha taja vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku, kabla au baada ya kula, na kwa siku ngapi. Mwombe akuandikie kwa Kiswahili. Foleni nyuma yako itanung’unika kidogo, itavumilia.

Na mtoto aliyekosea kutafsiri asichekwe. Akichekwa leo, kesho atakisia na kukaa kimya, kwa kuogopa kusema “hili silijui”. Nyumba yenye mgonjwa inamhitaji mtoto anayethubutu kulisema neno hilo.