Pombe Inasema

Kwa miaka 37 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na sidhani kama ulipita mwaka ambao sikuandika ubaoni maneno "chachu ya maendeleo". Niliwaeleza wanafunzi kwamba hiyo ni sitiari: jinsi chachu inavyouumua unga, ndivyo elimu inavyoiinua jamii. Wakanakili, nami nikafuta ubao. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimepata kuigusa chachu kwa mkono wangu. Angaliniuliza, ningaligeuza mazungumzo.

Mimi ni mzaliwa wa mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, na karo yangu ililipwa kwa mbege. Mama alipika kila juma, akauza kwa kata siku ya soko, na fedha ikafungwa katika pindo la kanga mpaka shule zifunguliwe. Nilipotaka kumsaidia alinifukuza jikoni. "Wewe shika daftari," alisema, nami nikalishika kwelikweli. Chuoni, kwenye fomu iliyouliza kazi ya mzazi, niliandika "mkulima". Haukuwa uongo, maana migomba tulikuwa nayo.

Nilistaafu mwaka 2019, nikarudi kwa Mama. Sasa ana miaka 88 na macho yake yamekwisha nuru. Alikuwa ameacha kupika miezi michache tu kabla sijafika. Siku moja akasema ana hamu ya mbege "iliyopikwa, si hii ya kuchanganywa". Alikusudia ile inayoharakishwa kwa sukari na hamira ili iuzwe siku ileile. Nikajitolea kuipika mwenyewe. Najua baadhi yenu hamtumii kileo, na dini zenu nazistahi. Nawaomba mbaki nami kwa ajili ya maneno.

Kosa langu la kwanza lilikuwa usafi. Pipa la mti la Mama lilikuwa na utando mweusi ndani. Nililisugua kwa sabuni, nikalisuuza kwa dawa ya klorini, nikalianika juani siku mbili, kwa bidii ya mwalimu wa zamu aliyepata habari kwamba mkaguzi yuko njiani. Kisha nikatia ndizi zangu zilizochemshwa. Siku ya tatu Mama aliongozwa mpaka pipani, akainama, akatega sikio.

"Halisemi kitu," akasema.

Siku ya nne halikusema vilevile. Kwa fadhaa nikatia kilo 2 za sukari na pakiti mbili za hamira ya mkate. Hapo likasema! Lilifoka hadi sakafuni. Nilipochuja na kuchanganya, Mama alionja funda moja, akakaa nalo mdomoni, akalitema kando kwa adabu. "Mwalimu," akaniambia, "huu ni mkate uliolewa."

Akaniuliza nililifanya nini pipa lake. Nilipomweleza, hakukasirika. Alisema tu, "Umewafukuza wenye nyumba."

Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, ambayo watengenezaji wa bia hadi leo hujivunia, ilitaja shayiri, hopsi na maji peke yake. Chachu haimo, na wakati huo hakuna aliyejua kuwa ni kiumbe hai. Ulaya ilihitaji kufika karne ya 19 ndipo wataalamu wathibitishe kuwa chachu ni kiumbe hai, na mwaka 1876 Louis Pasteur akachapisha kitabu chake juu ya bia. Mama hakumsoma Pasteur. Lakini alijua kwamba ndani ya nyufa za ule mti waliishi "wenye nyumba", na kwamba pipa huoshwa kwa maji tu, likasuguliwa kwa majani, likafunikwa. Ilinibidi niende kwa jirani na bakuli kuomba machicha ya pombe yake, jinsi tulivyokuwa tukitumwa zamani kuomba kaa la moto. Jirani alinipa. Alisubiri nivuke uzio ndipo acheke.

Tangu wakati huo nimepika mara 11, na kila mara nimejifunza neno. Ndizi tunazotumia ni ndizi ng'ombe. Hizo huvundikwa: hufunikwa gizani mpaka ziive zote kwa pamoja. Ukizidisha siku, zitavunda. Angalieni jinsi vitenzi hivi viwili vilivyo ndugu wa karibu, kuvundika na kuvunda, kuiva na kuoza, na mpaka kati yao ni mtu aliyefunua jani asubuhi akanusa. Kuchacha nako ni hivyohivyo. Mchuzi uliochacha hutupwa. Pombe isiyochacha hainyweki. Nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba neno hilo lina maana hasi, na sasa sioni kama lina maana hasi wala chanya mpaka uambiwe ni chungu kipi kinachozungumzwa.

Ndizi zikishaiva humenywa, huchemshwa kwa saa nyingi mpaka rangi igeuke kuwa nyekundu ya udongo, kisha hupoa na kulazwa pipani siku kadhaa. Maji yake yaliyochacha, baada ya kuchujwa, kwetu huitwa nyalu. Upande wa pili uko ulezi, na hapa ndipo penye kazi halisi. Nafaka ya dukani ina mchanga. Ipepete, uioshe, uichague tena. Na kabla ya kuloweka debe zima, hesabu punje 100, uzifunge katika kitambaa chenye maji. Zikiota 90 una mbegu. Zikiota 40 una chakula cha kuku. Ulezi uliokaa ghalani mno, au uliotiwa dawa, hauoti, nawe utalaumu pipa bure.

Ulezi ulioloweshwa usiku mmoja hutandazwa juu ya majani ya mgomba, ukafunikwa, ukanyunyiziwa maji. Siku ya tatu vimizizi vyeupe huwa vimejitokeza, na hapo ndipo jina linapopatikana: umemea, basi ni kimea. Sijui neno jingine la Kiswahili linaloeleza kazi ya kitu kwa silabi tatu namna hiyo. Punje inapomea huzalisha vimeng'enya, na vimeng'enya ndivyo vinavyougeuza wanga kuwa sukari. Kisha uanikwe upesi, hadi ukitafuna punje ivunjike kwa sauti. Msifanye mzaha na hatua hii. Kimea kilichokauka nusu huota kuvu, na kuvu wengine hutoa sumukuvu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Niliwahi kumwaga gunia zima kwa sababu ya harufu ya ukungu, na Mama, ambaye hakupata kumwaga kitu maishani mwake, alisema nimefanya vema.

Unga wa kimea hupikwa uji, nao huitwa mso. Mpwa wangu anayeishi Ujerumani, ambaye hutengeneza bia ya shayiri jikoni kwake, aliniletea kipimajoto. Kwake yeye unga wa shayiri hutiwa katika maji ya nyuzi 65 hivi, kwa kuwa maji yachemkayo huviua vimeng'enya kabla havijafanya kazi. Mbege haitegemei hilo kwa kiasi hicho, maana sukari yake nyingi hutoka kwenye ndizi. Hatari yetu ni nyingine: kuuchanganya mso wa moto na nyalu, ukawaua wenye nyumba. Mama hupima kwa kiwiko, kama apimavyo mtu maji ya kumwogeshea mtoto. Siku moja aliposema "tayari", nilitumbukiza kipimajoto nikasoma nyuzi 34. Mara iliyofuata, 35. Nimekirudisha kwenye kasha lake.

Gome la msesewe hutiwa kidogo tu, kwa ajili ya uchungu. Kazi yake ni ileile ya hopsi. Wataalamu wa mimea huuita mti huo Rauvolfia caffra, na jamii yake ina dawa zinazogusa mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwa hiyo si gome la kukadiria kwa kubahatisha. Mama hunipimia kwa ncha ya vidole. Baada ya kuchanganya, pombe hulala usiku mmoja, na kesho yake ndipo ulimi upambanue: uchungu ni wa msesewe, uchachu ni wa nyalu, utamu ni wa ulezi, na ukali, hilo ni neno jingine kabisa, ni wa kileo chenyewe. Mtu anayesema tu "pombe hii kali" hajaonja bado.

Sasa niseme jambo ambalo limenifanya niandike. Mwaka 1987, katika shule niliyokuwa nikifundisha, niliwapa Kidato cha Pili insha yenye kichwa "Kazi za nyumbani kwetu". Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliandika kurasa mbili juu ya namna yeye na mama yake walivyopika pombe. Aliandika kwamba siku ya tatu "pombe inasema". Kwa wino mwekundu nikaandika pembeni: "Pombe haisemi. Tumia kitenzi sahihi." Chini nikaongeza kuwa mada haimfai mwanafunzi, nikampa alama 3 kati ya 20. Juma hilohilo, ninalikumbuka andalio langu la somo, nilikuwa nikifundisha tashihisi.

Alipokabidhiwa daftari alilifunga bila kulifungua. Nadhani mwenzake wa dawati alikuwa amekwisha mnong'oneza. Hakuandika tena kitu kirefu kuzidi nusu ukurasa hadi alipomaliza. Jina lake limenitoka. Mwandiko wake ninauona, wenye herufi za mviringo zilizoegemea kushoto. Nilikuwa nimesomeshwa kwa kazi ileile aliyoieleza. Na kitenzi alichokitumia kilikuwa sahihi kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Nimejaribu kukibadilisha tangu Mama atege sikio pipani: inatokota? Hapana, hakuna moto. Inachemka? Hapana. Inaumuka? Huo ni unga. Sauti ile ni ya chini, yenye vituo, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Inasema.

Mwezi uliopita, nikisubiri ndizi, nilitunga ubeti huu:

Ulezi umeshalowa, siku tatu ukamea,
Juani umetolewa, kinuni ukaingia,
Unga haujachelewa, ndizi zaungojelea,
Mama haoni, ajuwa, sauti aisikia.

Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kinu kipi?" Nikamweleza kwamba ni kinu cha kutwangia. "Kinu tulikiacha zamani," akasema. "Tunasaga kwa mashine pale njia panda. Wewe mwenyewe ulinipeleka na debe."

Alikuwa na haki. Nilikitia kinu kwa sababu mizani ilinidai na kwa sababu kinu hupendeza katika ushairi. Nimejaribu "mashine ikausaga": mizani minane imetimia, lakini kina cha mwisho kimepotea. Nimejaribu "mashine yausagia": kina kimekaa, ila kitenzi kinadai mtendewa, na mkono wangu wa kusahihisha haujaridhika. Mshairi mwenye kipande cha mizani minane kitakachoipokea mashine bila kulazimisha, aniandikie. Mama ananiuliza kila jioni kama kimepatikana.