Funguo za Ngome Isiyo na Mlango

Wahenga walinena: tembea uone. Hawakutuonya kwamba huenda utakachokiona ugenini ni kasoro yako mwenyewe.

Nilikuwa nimekwenda London kwa majuma matatu kusoma hati za Kiswahili zilizohifadhiwa katika maktaba ya SOAS, chuo kilichoasisiwa mwaka 1916. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu taswira ya magofu katika ushairi wa Kiswahili, na kitovu chake ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu kuanguka kwa fahari ya Pate. Sura ya tatu nilikuwa nimekwisha kuiandika, na msimamizi wangu alikuwa ameisifu. Nilijiona mjuzi wa magofu.

Mwishoni mwa juma la pili, shangazi yangu, ambaye ni muuguzi mjini Bournemouth, aliniita nikapumzike kwake. “Umekonda kwa vitabu, mwanangu,” aliniambia. “Njoo nikuonyeshe magofu ya kweli, maadamu ndiyo uyapendayo.” Sikujua kwamba maneno hayo, “ya kweli”, yangenirudia.

Jumamosi tulifika Corfe, kijiji kilichoko Dorset. Juu ya kilima, katika pengo la safu ya vilima vya chaki, imesimama ngome iliyovunjika. Ujenzi wake ulianza katika karne ya 11, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mwaka 1635 ilinunuliwa na Sir John Bankes, mwanasheria mkuu wa Mfalme Charles wa Kwanza. Vita vilipozuka kati ya mfalme na Bunge, ni mkewe, Mary Bankes, aliyeilinda ngome hiyo. Mwaka 1643 alistahimili kuzingirwa na adui akiwa na watu wachache mno. Mwaka 1646 ngome ilitekwa kwa hila, baada ya afisa mmoja wa ndani kuwaingiza askari wa adui. Bunge likaamuru ibomolewe. Misingi ilichimbwa, baruti ikawashwa, minara ikaporomoka. Baadhi ya kuta zingali zimeinama vile vile hadi leo, mithili ya mtu aliyekatizwa akianguka. Wanakijiji nao waliyaokota mawe na kujengea nyumba zao.

Kunguru wadogo waliingia na kutoka katika matundu ya kuta. Papo hapo niliyakumbuka madaka ya Pate katika utenzi, yaliyokuwa ya vyombo vya kaure na sasa ni makao ya ndege. Nilimweleza habari hiyo mzee mmoja aliyekuwa akijitolea kuwaelekeza wageni. Alisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kuta za Pate zimejengwa kwa mawe gani. Nikamjibu: matumbawe na chokaa. Akauliza kama bado zimesimama, na zimefika kimo gani. Nikababaika. Akauliza tena, kwa upole tu, mara ya mwisho nilikwenda huko lini.

Sikuwa nimewahi kwenda.

Msomaji mpendwa, sijui kama umewahi kuulizwa swali jepesi likakuvua nguo hadharani. Nilikuwa nimevuka bahari, nikanunua tiketi, nikapanda kilima kutazama gofu la watu wengine. Na gofu lililonipa mada, ambalo pengine litanipa shahada, sikuwahi kulikanyaga. Shangazi alinitazama asiseme neno.

Siku hiyo hiyo alasiri tulikwenda Kingston Lacy, kasri ambalo Ralph Bankes, mwana wa Mary, alilijenga kati ya 1663 na 1665 baada ya ngome ya wazazi wake kuvunjwa. Ndani yake kuna michoro ya thamani na dari zilizonakshiwa, lakini mimi nilikwama mbele ya funguo. Ni funguo kuukuu za ngome ya Corfe. Yasemekana kwamba Mary aliruhusiwa kubaki nazo kwa ajili ya ushujaa wake. Mlango wa kufunguliwa haupo tena, lakini ukoo ule ulizitunza kwa zaidi ya karne tatu, hadi Ralph Bankes mwingine alipofariki mwaka 1981 na kuliachia shirika la National Trust kasri, ngome na maelfu ya ekari.

Katika bustani kuna nguzo ndefu ya itale iliyotoka Afrika. William John Bankes aliitwaa katika kisiwa cha Philae, Mto Nile, nayo ikafika Uingereza mwaka 1821. Maandishi yake ya Kigiriki na ya Kimisri, yenye majina ya Ptolemy na Cleopatra, yaliwafaa wataalamu waliokuwa wakiifumbua lugha ya kale ya Misri. Kilichonishangaza ni ujumbe wa yale ya Kigiriki. Makuhani wa hekalu la Isis walimlalamikia mfalme kwamba maafisa wanaozuru hapo huwalazimisha kuwagharamia, hata hekalu likahofiwa kukosa ya kutolea sadaka. Mfalme akawasikiliza. Jiwe lililochongwa kuwazuia wageni wasilemee wenyeji lilichukuliwa na mgeni, na sasa wageni tunapanga foleni kulitazama.

Nilizifikiria zile hati za London. Nyingine zilinakiliwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, kwa kuagizwa na wataalamu wa Ulaya. Ni rahisi kulaumu kwamba ziko mbali nasi, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, ningemlaumu nani kwa umbali wangu na Pate, ambako visa haihitajiki?

Jumapili tulitembea kwenye majabali ya Old Harry, chaki nyeupe iliyosimama baharini kama meno. Shangazi aliniambia kuwa nguzo moja, iliyoitwa mke wa Old Harry, ilianguka mwaka 1896; mawimbi yanaendelea kuitafuna ardhi. “Hata mawe hayangoji,” alisema. Kisha akaongeza: “Mimi nimekaa hapa miaka kumi na minane. Kila mwaka nasema mwakani nitakwenda kukaa nyumbani. Wewe usiseme mwakani.”

Niliporejea Kenya, nilimwomba msimamizi wangu anirudishie sura ya tatu. Alishangaa, akanirudishia. Nikasafiri hadi Lamu, nikapanda mashua iliyongoja maji kujaa ndipo ipite Mkanda, nikafika Pate. Hapakuwa na tiketi wala kibao cha maelezo. Ndani ya kuta za kale palilimwa tumbaku. Katika tasnifu nilikuwa nimeandika kwamba Pate ni “mji uliokufa”. Nikawakuta watoto wakitoka madrasa na wanawake wakichota maji. Mzee mmoja, aliyekuwa akipalilia, aliitikia salamu yangu, akaniuliza: “Mwanangu, umekuja kuandika au kutizama?” Nikamjibu kuwa niliandika kwanza, sasa nimekuja kutizama. Akacheka, akaweka jembe chini, akanitembeza hadi jua lilipopinda. Kila ukuta aliusimulia habari zake, na nyingi sijazikuta katika kitabu chochote.

Sura ya tatu naiandika upya. Neno “kufa” nimeliondoa. Wanafunzi wenzangu, tunaohakiki Lamu, Siyu na Pate tukiwa tumeketi maktabani, lugha hii imetukabidhi funguo, na milango yetu ingali na wenyewe. Tuwabishie hodi wakati wapo wa kutuitikia karibu.